Pesa ya Barghash si tokeni ya mkoloni

Tokeni ni kipande cha chuma ambacho tajiri au kampuni hutoa badala ya pesa, na hupokelewa kwake tu. Nje ya geti lake hupati nacho hata ndizi. Sarafu hutolewa na dola, na kila duka huipokea. Basi.

Kinachochosha ni kusikia huku Mji Mkongwe kila shaba yenye kutu ya kijani ikiitwa "tokeni ya mkoloni", hasa ile pesa ya Barghash, sarafu ya shaba ya Sultani wa Zanzibar. Sayyid Barghash alitawala Zanzibar tangu 1870 mpaka 1888. Himaya ya Uingereza ilikuja 1890. Mkoloni gani tena? Ni kweli sarafu hizo zilipigwa chapa Ulaya, lakini mwenye sarafu ni aliyetoa amri, si mwenye mashine. Noti zetu za leo nazo huchapwa ng'ambo.

Upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu yenye jina la Sultani, upande wa pili mizani na mwaka: 1299 au 1304. Hapo ndipo linapoanza balaa la pili, maana mgeni huambiwa kashika kitu cha miaka 700. Ile ni Hijria, kalenda ya Kiislamu, yaani kama 1882 na 1887 za Kizungu. Mwaka wa Hijria hufuata mwandamo wa mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo usitafute namba moja ya kujumlishia kila sarafu ili upate mwaka wa Kizungu.

Mizani nayo hupoteza watu. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliiweka pia kwenye shaba zake za Bombay, na neno la Kiarabu "adl", yaani haki, katikati ya vitanga. Igeuze sarafu: ukiona ngao iliyoshikwa na simba na herufi za kizungu, ni ya Kampuni. Ukiona Kiarabu kitupu, ni ya Barghash.

Za mkoloni hasa zipo, nazo ni zile senti zenye tundu katikati, tulizozipokea 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilipoiondoa rupia. Hata hizo ni sarafu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wauzaji, kwenye kile kikaratasi andikeni tu "Pesa ya Barghash, Hijria 1299". Bei iacheni ileile.