Mwezi wa upeoni hauvimbi

Simama ufukweni Bagamoyo jioni ya mwezi mpevu: utauona ukichomoza baharini, mwekundu, mkubwa kama sinia. Wengi tumeambiwa tangu utotoni kwamba hewa nzito ya upeoni huukuza kama lenzi. Mtu anapiga picha, anapata kidoa tu, kisha anailaumu kamera yake.

Kamera haina kosa. Mwezi una upana wa takriban nusu digrii, uwe upeoni au utosini. Tena ule wa upeoni uko mbali nasi zaidi kwa karibu kilomita 6,400, yaani nusu ya kipenyo cha Dunia, kwa hiyo ni mdogo kidogo. Hewa nayo haiukuzi; huubonyeza juu na chini, ndiyo maana mara nyingine huonekana kama yai lililolazwa. Wekundu ndio kazi ya hewa. Ukubwa ni kazi ya ubongo.

Jaribu mwenyewe. Nyoosha mkono, ufunike mwezi unaochomoza kwa ncha ya kidole cha mwisho. Rudia saa tano usiku. Kidole kilekile kinautosha, na hapo ndipo wengi hushangaa.

Anayetaka mwezi mkubwa pichani aachane na kuungoja uvimbe. Asogee mbali na minazi anayotaka ionekane mbele ya mwezi, kama kilomita moja, atumie lenzi ndefu ya milimita 400 au zaidi. Kwa umbali huo, mnazi wa mita 18 una kimo cha miezi miwili tu iliyopandana.