Bwawa la "hatari kubwa" si lazima liwe bovu

Kila msimu wa mvua nasikia kwamba bwawa fulani limewekwa daraja la hatari kubwa, na watu wanakimbilia kutafuta nyufa kwenye tuta. Au nasikia kinyume chake: "Hilo ni lambo tu la kunyweshea ng'ombe, halina hatari." Kauli zote mbili zina makosa, na hiyo ya pili inaweza kuua.

Daraja la hatari hueleza madhara yatakayowapata walio upande wa chini endapo bwawa litapasuka. Kwa mfano, Marekani hutumia ngazi tatu: kubwa, pale vifo vinapotarajiwa, ya kati, pale vifo havitarajiwi lakini mali na miundombinu vitaharibika, na ndogo. Hali ya tuta lenyewe hupimwa kando, kwa ukaguzi. Bwawa jipya lililojengwa vizuri juu ya mji lina daraja la hatari kubwa tangu siku linapojazwa. Lambo lililochakaa porini, kusikoishi mtu, linaweza kuwa la hatari ndogo.

Kinachowapotosha wengi ni ukubwa. Kanuni za maji za Kenya za 2007 ziliyapanga mabwawa katika madaraja A, B na C kwa kuangalia kina cha maji, ujazo na eneo linalokusanya maji. Daraja A lilikuwa la mabwawa yasiyofika kina cha mita 5 wala mita za ujazo 100,000. Vipimo hivyo vina kazi yake kwenye vibali na usanifu, ila hakuna hata kimoja kinachohesabu nyumba. Usiku wa 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, bwawa la Patel lilipasuka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi. Watu wasiopungua 47 walikufa, kwa sababu makazi yao yalikuwa kwenye njia ya maji.

Tena daraja hubadilika bila tuta kuguswa. Watu wakijenga bondeni, shule ikiongezeka, lambo la jana linapanda ngazi, na utoro wa maji (njia ya kutolea maji ya ziada bwawa linapojaa) uliochimbwa kwa mafuriko ya kawaida hautoshi tena, maana kadiri daraja linavyopanda ndivyo bwawa linavyotakiwa kustahimili mafuriko makubwa zaidi. Ndiyo maana kulirudisha bwawa kama lilivyojengwa mwanzo mara nyingine hakutoshi. Huenda ikabidi kupanua utoro, kuinua tuta, au kuweka tabaka la mchanga la kuchuja upande wa chini ili maji yanayopenya yatoke bila kubeba udongo.

Hapo ndipo naomba tuelewane kuhusu ukarabati. Kamati nyingi hutangaza kwamba bwawa limekarabatiwa baada ya kuchota tope. Hiyo ni kazi njema, inaongeza maji ya mifugo na bustani. Lakini haigusi mashimo ya mchwa, mizizi iliyooza ndani ya tuta, wala utoro uliozibwa na vichaka. Ukichimba karibu mno na kitako cha tuta, unaweza hata kuondoa ule udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukizuia maji yasivuje. Kwa hiyo mkishachota tope, semeni mmeongeza ujazo. Usalama muusemee pale utoro na tuta vitakapokuwa vimekaguliwa, na nyumba za bondeni zimehesabiwa upya.