Soneti ya Petrarca ni nini?

Ni shairi la mishororo 14, na kwa Kiitaliano kila mshororo huwa na mizani 11. Mishororo 8 ya kwanza hufungwa kwa vina viwili tu, vikipishana hivi: ABBA ABBA. Sita inayobaki huja na vina vingine viwili au vitatu, na hapo mtunzi ana uhuru zaidi wa kuvipanga. Vina hukaa mwishoni tu. Aliyezoea kina cha kati cha mashairi yetu asikitafute.

Lakini kuhesabu hakutoshi. Roho ya soneti ni mgeuko, kati ya mshororo wa 8 na wa 9. Juu mshairi analalama au anauliza. Chini anajijibu, anajipinga, au anatambua kuwa alichokuwa akikililia sicho. Isipogeuka, kwangu mimi hiyo ni mishororo 14 tu.

Francesco Petrarca, aliyezaliwa Arezzo, Italia, mwaka 1304, hakuibuni. Giacomo da Lentini wa Sicilia alitangulia kwa karibu karne nzima. Petrarca aliing'arisha. Anasimulia kwamba alimwona mwanamke aitwaye Laura kanisani, Avignon, Ufaransa ya leo, tarehe 6 Aprili 1327, na akaendelea kumwimbia hata baada ya Laura kufa mwaka wa tauni, 1348. Diwani yake, Canzoniere, ina mashairi 366; 317 ni soneti.

Ajabu ni kwamba mwenyewe tumaini lake halikuwa huko. Alikuwa mtu wa Kilatini, msaka miswada ya kale. Mwaka 1345 alizikuta Verona barua za Cicero, mwandishi na msemaji wa Roma ya kale, zilizokuwa zimesahauliwa. Ndiyo maana huhesabiwa kati ya waasisi wa uhumanisti, elimu iliyorudi kwa Warumi na Wagiriki ili kumwelewa binadamu. Sifa alizitegemea kwenye utenzi wa Kilatini uitwao Africa (si bara zima: Warumi waliita hivyo eneo la Karthago, Tunisia ya leo). Mwaka 1341 alivikwa taji la mshairi huko Roma, utenzi ukiwa bado mbichi, na alipofariki mwaka 1374 ulikuwa haujakamilika.

Mashairi ya Kiitaliano, aliyoyaita vijambo visivyo na uzito, ndiyo yaliyosafiri. Katika karne ya 16 Thomas Wyatt aliyafasiri kadhaa kwa Kiingereza, na baadaye Shakespeare akatumia mpango tofauti wa vina, mara nyingi akiuchelewesha mgeuko hadi mishororo miwili ya mwisho.