GIST ya tumbo: yanayosemwa na yaliyo ya kweli

“Mzee asikubali kupasuliwa, uvimbe ukipigwa na hewa utaenea.” Maneno kama haya husikika sana katika foleni za kliniki za Nairobi, na huwachelewesha wagonjwa ambao wangetibika mapema. Hewa haisambazi saratani. Lenye ukweli ni jambo jingine, hasa kwa GIST, uvimbe adimu unaoanzia katika ukuta wa njia ya chakula na ambao, kwa wagonjwa karibu 6 kati ya 10, huota tumboni, yaani katika mfuko wa chakula. Uvimbe huu huwa laini, na ukipasuka, seli zake humwagika ndani ya fumbatio na hatari ya ugonjwa kurudi hupanda sana. Ndiyo maana daktari wa upasuaji aliye mzoefu haubani kwa koleo wala kuuminya, bali huukata mzima pamoja na ukingo mwembamba wa ukuta wenye afya. Na akitumia kamera na matundu madogo, huutia kwanza ndani ya mfuko maalumu, kisha akauvuta nje. Kinachostahili kuogopwa, basi, ni upasuaji wa pupa.

Wengine huamini kwamba lazima tumbo lote liondolewe. Kwa saratani ya kawaida ya tumbo, sehemu kubwa pamoja na tezi za limfu mara nyingi hutolewa, lakini GIST ni nadra kupitia tezi hizo, kwa hiyo mara nyingi hukatwa kipande tu na sehemu kubwa ya tumbo hubaki. Uvimbe ukiwa mkubwa, au ukiwa umekaa pale umio unapoungana na tumbo, mgonjwa anaweza kupewa kwanza vidonge vya imatinibu, dawa inayozuia ishara zinazoukuza uvimbe huu, kwa miezi kadhaa ili unywee, kisha akapasuliwa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile isemayo kwamba saratani ni saratani, hivyo jina lake halina maana. Kwa miaka mingi uvimbe huu ulihesabiwa kuwa wa misuli laini, na kemo ya kawaida haikuufanya lolote la maana. Mwaka 1998, Seiichi Hirota na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba nyingi za GIST zina kasoro katika jeni ya KIT, inayozichochea seli zigawanyike bila kukoma. Mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza wa GIST alipewa imatinibu nchini Ufini, na mwaka 2002 dawa hiyo ikaidhinishwa nchini Marekani kutibu ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu waliokuwa wamekwisha kupasuliwa lakini wakiwa katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi: baada ya miaka 5, asilimia 92 ya waliopangiwa kumeza vidonge kwa miaka 3 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 82 ya waliopangiwa mwaka 1. Maendeleo haya, kwa maoni yangu, ni ya maabara sawa na yalivyo ya chumba cha upasuaji.

Si kila aliyepasuliwa anahitaji dawa. Uamuzi hutegemea ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo, kasi ya seli zake kugawanyika, kama ulipasuka, na aina ya kasoro ya jeni, kwa kuwa zipo kasoro zisizosikia imatinibu.

Mwisho ni choo cheusi na upungufu wa damu, ambavyo wengi huviita vidonda vya tumbo na kununua dawa za asidi kwenye kemisti mwezi baada ya mwezi. GIST nayo huvuja damu. Isitoshe, kwa kuwa imejificha chini ya utando wa ndani, kipande kinachochukuliwa juujuu wakati wa endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni) kinaweza kurudi na majibu ya kawaida ilhali uvimbe upo. Dalili zikiendelea, mwombe daktari skani ya CT au endoskopi yenye ultrasaundi, na kipande kikitolewa, uliza kama maabara imekipima protini ya KIT, ile inayotokana na jeni iliyotajwa hapo juu.