Kuhifadhi data ndani ya kioo: uimara umepatikana, kasi bado

Miongoni mwa kazi zinazotoka kwenye maabara za utafiti za kampuni kubwa za teknolojia, ninayoifuatilia kwa karibu zaidi ni Mradi wa Silica wa Microsoft Research, Cambridge, Uingereza. Unashughulikia tatizo linalomkabili kila mtunza kumbukumbu: data inayotakiwa ikae miaka 100 inawekwa kwenye vyombo visivyofika hata nusu ya muda huo.

Diski hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Tepu za sumaku za LTO, aina inayotumika sana kuhifadhia data nyingi, hukadiriwa kudumu miaka 30 hivi, ila kwa sharti la chumba kikavu chenye ubaridi. Kwa unyevu wa Mombasa au Unguja, hiyo ni kazi ya kiyoyozi usiku na mchana. Na hata tepu ikibaki nzima, mashine yake huondoka sokoni. Namba ya LTO ni ya kizazi chake: mashine ya LTO-8 husoma LTO-7 na LTO-8 peke yake. Ukiipa LTO-6 itaikataa. Ndiyo maana data huhamishwa tena na tena, na kila uhamisho unakula fedha, umeme na muda, na unafungua nafasi mpya ya kosa kuingia.

Kwenye kioo, data huandikwa kwa leza inayotoa mapigo ya mwanga ya femtosekunde. Gawanya sekunde moja kwa milioni, kisha kila kipande kwa bilioni: hiyo ndiyo femtosekunde. Pigo likiwa fupi hivyo, nishati yake humalizika kabla joto halijapata muda wa kusambaa. Badiliko hutokea pale tu miale inapokutana, na kioo kilicho juu ya hapo kinabaki kama kilivyokuwa. Kwa hiyo unaweza kuandika tabaka moja chini ya jingine ndani ya kipande kile kile chenye unene wa milimita 2. Kila kidoa kinachobaki huitwa vokseli.

Vokseli za aina ya kwanza, ambazo msingi wake ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, huandikwa kwenye kioo safi cha silika. Kila moja ina muundo mdogo sana unaougawa mwanga kulingana na mwelekeo wa mtetemo wake. Unaweza kubadilisha uelekeo wa muundo huo na nguvu yake, hivyo vokseli moja hubeba biti (0 au 1) zaidi ya moja. Kusoma kunafanyika kwa hadubini: mwanga wenye mtetemo wa mwelekeo maalumu hupitishwa kwenye kioo, kamera inapiga picha za tabaka linalotakiwa, na programu iliyofunzwa kwa mifano inakadiria thamani ya kila vokseli.

Hapo kwenye kukadiria ndipo penye matatizo. Picha ya tabaka moja huchafuliwa na kivuli cha matabaka ya juu na ya chini yake. Vokseli zikisogezwa karibu ili data iwe nyingi, kila moja huathiri mwonekano wa jirani zake. Kwa sababu hiyo data haiandikwi tupu. Biti za kusahihisha makosa huongezwa ndani ya kila sehemu, na ziada nyingine husambazwa katika sehemu mbalimbali, ili sehemu moja ikishindwa kusomeka kabisa iweze kujengwa upya kutoka kwa zilizobaki. Baada ya kuandikwa, kipande husomwa chote na kulinganishwa na data ya awali kabla ya kuhesabiwa kuwa salama. Hatua hii isirukwe: kioo hakifutiki, na kosa lililoandikwa halirekebishwi mahali pake.

Aina ya pili inatumia kioo cha borosilikati, kile cha milango ya oveni na vyombo vya kuokea. Vokseli zake hubadilisha kiasi ambacho mwanga hucheleweshwa ukipita, na kila moja huandikwa kwa pigo moja tu. Kioo chenyewe ni cha bei nafuu zaidi, na mashine ya kukisoma inahitaji kamera moja badala ya tatu au nne. Hasara yake ni kwamba vokseli jirani huingiliana zaidi, na data inayoingia ni pungufu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye mustakabali, kwa sababu malighafi yake tayari inazalishwa viwandani.

Sasa kasi. Mwaka 2019 mradi ulihifadhi filamu ya *Superman* ya mwaka 1978, gigabaiti 75.6, kwenye kipande cha milimita 75 kwa 75. Matokeo mapya yanaonyesha terabaiti 4.8 katika matabaka 301 kwenye kioo cha silika cha milimita 120 kwa 120. Ni hatua kubwa mno. Lakini mwale mmoja wa leza unaandika megabiti 25.6 kwa sekunde, na biti nane ndizo baiti moja. Piga hesabu: terabaiti 4.8 ni kama siku 17 za kuandika bila kupumzika. Mashine ya tepu ya LTO-9, kwa megabaiti 400 kwa sekunde, inamaliza kiasi hicho kwa saa tatu na dakika 20. Dawa yake ni miale mingi kuandika kwa pamoja, na miale minne imeshajaribiwa kwenye borosilikati. Kila mwale wa ziada, hata hivyo, unadai vifaa zaidi.

Muundo wa maktaba ya vioo hivi umenivutia kuliko yote. Rafu hazina umeme. Roboti ndogo zenye betri hupanda na kushuka kuleta kipande kinachotakiwa. Kipande kilichokwisha andikwa hakirudishwi tena kwenye mashine ya kuandikia, na mwanga wa kusomea hauna nguvu ya kubadilisha kioo. Mhalifu akivamia mtandao wote, hawezi kufuta kilichoandikwa.

Kuhusu uimara, vipande vimechemshwa, vimeokwa na kusuguliwa kwa chuma bila data kupotea, na makadirio ni zaidi ya miaka 10,000. Hata hivyo kioo ni kioo, kikianguka chaweza kuvunjika, hivyo nakala mbili katika majengo mawili bado ni lazima.

Mashine hizi bado haziuzwi. Mwenye tepu za LTO-5 kabatini ajue kwamba LTO-7 ndiyo mashine ya mwisho inayozisoma. Aitafute ingali inapatikana, ahamishe data sasa, na atunze alama ya uhakiki ya kila faili (namba inayoonyesha kama faili imebadilika) pamoja na maelezo ya umbizo lake. Hayo yatahitajika siku ya kuhamia kwenye kioo vilevile.