Kiti cha dereva kwenye limozini ya zamani

Wiki iliyopita dereva wa magari ya harusi aliniletea limozini aina ya Daimler DS420 kwenye banda langu la viti hapa Ndeeba, Kampala. Aliposhuka alishika mlango kwanza, akasimama akisubiri goti la kulia linyooke. Alikuwa ametoka Jinja, kilomita themanini hivi, na foleni ya Mukono ilikuwa imemla saa nzima.

"Fundi, kiti hiki hakirudi nyuma kabisa."

"Pole, mzee wangu. Ngoja nikitazame."

Wengi hudhani reli zimeshika kutu. Nilipiga tochi chini: ukuta unaomtenga dereva na abiria umegusana na mgongo wa kiti, hata kidole hakipiti.

DS420 ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1968 hadi 1992. Waliichukua Jaguar 420G wakairefusha inchi 21, yaani sentimita 53, na urefu wote huo ukaenda kwa abiria wa nyuma. Kati ya abiria hao na dereva ukawekwa ukuta wenye kioo, na viti viwili vya ziada hukunjwa ndani ya ukuta huohuo. Ndiyo maana ni mnene na hausogei. Rolls-Royce Phantom V, ya 1959 hadi 1968, ina shida hiyohiyo ikiwa na ukuta. Hata Mercedes-Benz 600, ambayo viti vyake husogezwa kwa shinikizo la mafuta badala ya mkono, ukiipata ile ndefu ya Pullman yenye ukuta, kiti cha mbele kina mwisho wake palepale.

Kwa hiyo dereva mrefu anakaa magoti juu. Paja likiinuka haligusi tena kiti, uzito wote unaangukia mifupa ya makalio, na baada ya nusu saa mguu unakufa ganzi. Mguu huohuo ndio wa breki, na hilo linanitia hofu kuliko maumivu yenyewe.

Kiti cha mzee huyu kilikuwa kimeshapita kwa fundi mwingine. Nilipofumua mshono wa mbele nikakuta sponji ya godoro, nene, laini, imebonyea katikati kama sahani. Kuongeza sponji ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: dereva anapanda juu, paja linabanwa na usukani, kichwa kinakaribia dari.

Mimi hupunguza. Kwenye mgongo wa kiti niliondoa pamba iliyojazwa ovyo, nikaweka sponji nyembamba ngumu, na pale kiunoni tu nikaacha kimto kidogo. Hapo tulipata sentimita nne. Chini nilitumia sponji ngumu ya tabaka mbili, ukingo wa mbele ukiwa juu kidogo kuliko nyuma, ili paja lipate pa kulala.

Wapo wanaoniomba nikate ukuta. Sikubali. Viti vya kukunja vitakosa pa kushika, na gari lililotunzwa miaka hamsini litakuwa limeharibiwa kwa msumeno wa siku moja.

Kabla sijashona ngozi nilimkalisha tena, nikamwambia akanyage breki hadi mwisho bila mgongo kuachana na kiti. Goti likabaki limekunjika kidogo tu. Akakanyaga tena, mara tatu, kisha akaomba nimwekee na kimto cha kiwiko mlangoni.