Matterhorn: kazi iko kwenye kushuka

Wengi wanaouliza kuhusu Matterhorn huanza na kimo: mita 4,478, mpakani mwa Uswisi na Italia. Mimi huwajibu kwa saa. Kwa njia ya ukingo wa Hörnli, upande wa Uswisi, kutoka kibanda cha mita 3,260 hadi kileleni mpandaji mzuri hutumia saa 4 hadi 5. Kushuka kunataka karibu muda uleule, kwa sababu karibu yote ni mwamba.

Watu huondoka kibandani alfajiri, giza bado, na hapo ndipo wasio na mwongozaji hupotea. Sehemu kubwa ya chini njia haifuati ukingo wenyewe, hupita kushoto kwake, kwenye uso wa mashariki. Mulika mwamba: njia sahihi imesuguliwa na buti ikang'aa, na ina mikwaruzo ya yale meno ya chuma ya kukanyagia barafu. Mikwaruzo ikiisha na mawe yakaanza kucheza mguuni, umeshapotea. Rudi ulipoiona mara ya mwisho. Ukilazimisha kupanda hapohapo, mawe utakayoporomosha yatawaangukia walio chini yako.

Kwenye mita 4,003 kipo kibanda cha Solvay, cha dharura tu. Kwangu hicho ndicho kipimo: saa 3 zikipita tangu uanze kupanda na hujakifikia, geuka, hata kama anga ni jeupe. Juu yake kuna kamba nene zilizofungwa mwambani, na watu huzivuta mpaka mikono ikaisha nguvu. Simamia miguu.

Tarehe 14 Julai 1865 Edward Whymper na wenzake sita walikuwa wa kwanza kufika kileleni. Wakati wa kushuka, Douglas Hadow aliteleza akamgonga Michel Croz, nao wakawavuta Charles Hudson na Lord Francis Douglas. Kamba ikakatika juu ya Douglas. Wote wanne wakafa. Kipande cha kamba hiyo kimehifadhiwa makumbusho ya Zermatt, mji wa Uswisi ulio chini ya mlima, na ni chembamba mno kwa kazi ile. Lakini hata kamba nene, isiposhikizwa mwambani, humburuta mzima pamoja na aliyeteleza. Kwa hiyo asiye na uzoefu atangulie kushuka, mzoefu abaki juu, kamba ameizungusha kwenye jiwe imara au nguzo ya chuma. Mita 30 hadi 40 zinatosha. Ikizidi, hunasa kwenye mawe na kuyang'oa.

Joto nalo lihesabiwe. Barafu iliyo ndani ya nyufa ndiyo gundi ya mlima huu. Julai 2003 iliyeyuka, kipande cha ukingo wa Hörnli kikaporomoka, na wapandaji waliokwama juu wakaondolewa kwa helikopta.